Karama Mbele ya Mfalme: Heshima Isiyonyamaza

Mara nyingi husikika mimbarani kwamba vijana wa siku hizi hawana adabu, wala hawawaheshimu wenye mamlaka. Lalamiko hilo lina ukweli, lakini kwa maoni yetu ni nusu tu ya jambo. Nusu ya pili tunaiona katika Kusadikika, kitabu cha Shaaban Robert kilichochapishwa mwaka 1951, Tanganyika ilipokuwa chini ya Waingereza.

Karama anashtakiwa na waziri Majivuno kwa kufundisha uanasheria. Anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa kuitafutia nchi yao mema, nao waliporudi wakatupwa gerezani. Hatoi matusi kwa mfalme, wala hampambi kwa sifa za uongo; asema kweli kwa lugha ya staha. Mwishowe mfalme anakubali, na wafungwa wanafunguliwa.

Udhaifu wa kitabu ni kwamba mfalme anageuka kwa urahisi mno. Hata hivyo, funzo lake ni zito: adabu huharibika kwanza pale mtawala anapomfunga mjumbe, ndipo huharibika vinywani mwa raia. Luther naye, akiieleza Amri ya Nne katika Katekisimo Kubwa (1529), hakuishia kwa watoto, bali aliwakemea pia wazazi na watawala wasiotimiza wajibu wao.

Basi sisi tuihubirio amri hiyo hatuna budi kujiuliza: msharika akituletea neno chungu kwa adabu, je, twamsikiliza, au twamwita mkaidi?