Kamera ya Kukesha Nayo Hanang

Ukisimama kaskazini ya Mlima Hanang usiku usio na mwezi, upande wa Ziwa Balangida, mlima unakuwa kusini yako, na ncha ya kusini ya anga imejificha nyuma yake. Hapa tuko kama nyuzi 4 na nusu kusini ya ikweta, kwa hiyo ncha hiyo iko chini sana, nyuzi hizohizo tu juu ya upeo wa macho. Kilele cha mita 3,417 kinaifunika bila taabu. Nyota zinapanda kutoka kushoto, zinapita juu ya mlima, zinashukia kulia. Ukiiacha shata wazi dakika 40, kila moja inachora tao la nyuzi 10. Picha hiyo ndiyo iliyonichagulia kamera.

Swali la kuuliza kabla hujatoa hela ni hili: shata ikiwa wazi, inashikiliwa na nini? Kwenye Canon AE-1 ya 1976 inashikiliwa na umeme. Alama ya B, ya kuiacha shata wazi, ipo, lakini betri inaliwa muda wote shata ikiwa wazi, na ikiisha, kamera haifyatui kabisa. Baridi ya nyanda za juu za Mbulu mwezi Julai nayo haina huruma na betri. Pentax K1000, iliyotengenezwa kuanzia 1976 hadi 1997, inashikiliwa na springi na vyuma. Ikae wazi saa tano, haikudai kitu. Kibetri chake cha LR44 ni cha kipimo cha mwanga tu, na kipimo chenyewe gizani hakioni. Nikon FM2 na Olympus OM-1 ni hivyohivyo. OM-1 ilitengenezewa betri ya zebaki ambayo siku hizi haitengenezwi tena. Muuzaji akikuambia kipimo chake kimekufa, mwombe apunguze bei, maana usiku hutakihitaji.

OM-1 ina swichi ya kuinua kioo kabla ya kufyatua, jambo ambalo K1000 haina. Wapenzi wa kamera wanalisifu sana. Jioni, kwa picha za kati ya moja ya nane ya sekunde na sekunde nzima, wana haki: kishindo cha kioo kinatikisa picha. Kwa picha ya dakika nyingi, kofia yangu nyeusi inatosha. Naifunika lenzi, nafyatua, nangoja mtikisiko utulie na upepo upungue, kisha naivuta kofia taratibu.

Kuijaribu kamera dukani ni kazi ya dakika chache. Fungua mlango wa nyuma, weka B, bonyeza, chungulia: dirisha lote liwe wazi, na ukiachia, pazia lifunge mara moja. K1000 na OM-1 zina mapazia ya kitambaa, hivyo mulika tochi upande wa lenzi utafute vitundu. Pitisha kidole kwenye sponji za mlangoni. Zikiacha unyevu mweusi kama lami, mwanga utapenya. Halafu funga waya wa kufyatulia wenye skrubu ya kukaza, uiache shata wazi wakati mnaendelea kupatana bei. Waya ukiteleza pale, porini utateleza zaidi.

Tundu la lenzi na muda vinahitaji akili kidogo. Mbalamwezi kamili, mkanda wa ISO 400, f/5.6: kwa hesabu ni sekunde kama 30. Lakini mkanda huchoka katika mwanga hafifu. Kwa HP5 Plus, Ilford wanasema upandishe muda kwa kipeo cha 1.31, na zile 30 zinakuwa kama 86. Matao ya nyota hayafuati sheria hiyo, kwa sababu nyota haitulii mahali pamoja kwenye mkanda. Kuongeza muda kunarefusha tao tu. Ukitaka ling'ae, fungua tundu. Mimi niliweka f/4, nikazungusha lenzi hadi alama ya mbali kabisa. Lenzi hizi za zamani hugota pale, huhitaji kuona chochote.

Mzee wa boma la jirani alikuja kuangalia. "Mwanangu, bado haijapiga tu?"

"Bado, babu. Inapiga polepole."

Aliketi. Dakika ya ishirini na kitu bodaboda ikaibuka kwenye njia ya vumbi, taa ikimulika moja kwa moja kwetu. Nikarudisha kofia mbele ya lenzi, nikahesabu hadi arobaini, nikaiondoa. Niliposafisha mkanda, nikaona kila tao juu ya mlima lina pengo dogo mahali palepale, upana wa bodaboda moja.