Unga Uliolazwa

Jelebi inayoliwa leo ilianza kupikwa jana. Kuna bibi mmoja mjini Kitui, upande wa Kalundu, ambaye hajapunguza hata hatua moja ya kazi hiyo. Jioni hukoroga unga wa ngano na viganja viwili vya unga wa dengu kwa maziwa lala, akafunika bakuli kwa sinia na kuliweka pembeni mwa jiko la makaa linaloelekea kuzimika. Asubuhi hufunua, akainama, akasikiliza. Unga uliochachuka sawasawa una mlio mdogo wa mapovu yanayopasuka, na yeye huusikia vizuri kuliko mimi, ingawa kwa umri ni sawa na mama yangu. Usipolia, huufunika tena na kwenda kupepeta maharagwe. Hamira ipo kabatini, ni ya mandazi. Siku ya jelebi hutamwona akiigusa.

Namwita Mwaitu, kama tunavyowaita mama zetu Ukambani. Kazi hii aliipata angali msichana, alipokuwa yaya katika nyumba iliyokuwa nyuma ya duka la Wagujarati. Hakuna aliyemketisha kumfundisha. Alitumwa tu: lete samli, shika kitambaa, geuza hiyo isiungue. Miaka ikapita hivyo, na siku moja akaachiwa karai peke yake.

Anachokiogopa ni shira. Sukari na maji huchemka pamoja na iliki, na pesa zikiwapo, nyuzi mbili tatu za zafarani. Huchota tone kwa mwiko, akalipuliza, akalibana kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha akaviachanisha vidole polepole. Ukitokea uzi mmoja usiokatika upesi, hiyo ni shira ya jelebi. Zikitokea nyuzi mbili, imeshakuwa ya barfi, ile tamutamu ya kukatwa vipande, na kwa jelebi imepita. Kati ya uzi mmoja na nyuzi mbili pana dakika chache tu, na makaa hayana swichi. Ndiyo maana simu yake hulala chumbani siku hiyo, na anayepiga hodi husubiri mlangoni. Unga humiminwa kutoka kwenye kitambaa kizito chenye tundu lililodarizwa kama la kifungo, mkono ukizunguka juu ya samli iliyopata moto wa wastani. Kisha jelebi huchovywa katika shira iliyo vuguvugu, ikatolewa kabla haijalegea. Ukiivunja, sharti ilie nje na kutoa utamu ndani. Ile rangi ya chungwa ya madukani, inayotoka kwenye kopo, humfanya acheke kwa pua.

Ladu zinaumiza zaidi. Punje za unga wa dengu hupitishwa kwenye kijiko cha matundu na kudondokea mafutani, zikaloweshwa shira, halafu hufinyangwa zingali moto, kwa kuwa zikipoa hazishikani tena. Viganja vya Mwaitu vimekomaa kwa kazi hiyo. Ukimpa glavu atakuuliza kama unadhani anapika hospitalini.

Na kuna suala la mvua. Diwali, sikukuu ya taa ya Wahindi inayopikiwa vitu hivi, huangukia usiku usio na mwezi wa Oktoba au Novemba, na kwetu hayo ni majira ya vuli, mvua ambayo Mkamba huitegemea kuliko ya masika. Basi wakati Kitui na Makueni nzima imeinama shambani ikipanda ndengu na kunde, majiko ya nyuma ya maduka yalikuwa yakikaanga usiku na mchana, na adui wa vikaangwa ni unyevu. Katika chevda, ule mchanganyiko wa njugu na pepeta, kila kitu hukaangwa peke yake. Njugu hutaka moto mdogo, pepeta hutaka mafuta makali ili ivimbe mara moja, na majani ya mchuzi huja mwisho maana hurusha mafuta hadi machoni. Hufuata manjano, chumvi, sukari kidogo, na mvuje wa kunusia tu. Halafu yote humwagwa juu ya magazeti na kuachwa yapoe kabisa ndipo yaingie kwenye mikebe ya Kimbo. Ukifunga mkebe kukiwa na joto ndani, kesho yake chevda imenywea, na hakuna kuirudisha. Watu hudhani ugumu wa chevda uko kwenye viungo. Uko katika kuizuia isiguswe inapopoa, wakati nyumba nzima imeizunguka.

Mapishi haya yalifika Ukambani kwa reli na kwa duka. Tangu mwaka 1896 Waingereza walileta vibarua wapatao 32,000 kutoka India kujenga njia ya Mombasa hadi Ziwa Victoria, wengi wao wa Punjab. Wengi walirudi kwao, wengine walizikwa njiani, na elfu sita na ushei wakabaki. Pamoja nao walikuja wafanyabiashara wa Gujarat na Kachchh, na matajiri kama Allidina Visram wakaotesha maduka kando ya reli. Kitui haikupata reli, lakini duka ilipata, na nyuma ya duka jiko.

Ninachokikumbuka mimi ni sahani. Nilikuwa mtoto mdogo, miaka ya mwanzo ya uhuru, na siku ya Diwali mtoto wa dukani, wa rika langu, alivuka barabara akiwa amebeba sahani ya bati iliyofunikwa kitambaa cheupe chenye ua jekundu pembeni. Chini ya kitambaa kila kitu kilikuwa na upande wake: ladu mbili, jelebi, vipande vya barfi vilivyokatwa kwa pembe, kilima kidogo cha tambi za dengu. Hakuingia ndani. Alisimama kizingitini, akasema mama yake anasalimu, akangoja kama aliyetumwa barua. Mama yangu aliipokea kwa mikono miwili, akavipanga vitu vile katika sahani yetu kwa mpangilio uleule, bila kuchanganya kitamu na cha chumvi.

Sahani ya watu hairudi tupu. Hapo palikuwa na adabu yake ambayo leo ni wachache wanaoikumbuka: mayai hayakupelekwa, wala kuku. Majirani walijua ile nyumba haili nyama, na hawakungoja kuambiwa. Zilipelekwa asali, mapapai, ndengu mpya kama zipo. Mama aliiosha sahani mara mbili, akaikausha kwa leso safi, akaweka asali ndani ya kibuyu kidogo juu yake. Mtu mzima ndiye aliyeirudisha, si mtoto, kwa sababu kurudisha kulikuwa na mazungumzo yake. Nyumba ya duka ilipika kwa siku nne hivi vitu ambavyo isingevimaliza kwa mwezi. Kipimo chao hakikuwa idadi ya midomo ya nyumbani. Walihesabu milango.

Kisha zikaja sheria za mwaka 1967, ya leseni za biashara na ya uhamiaji, zilizowabana wasio raia wasiuze mahali popote wapendapo. Najua sababu zilizotolewa, na baadhi zilikuwa na haki yake: Mkamba naye alitaka kuuza kitambaa na sukari katika mji wake. Maduka yakabadilisha majina. Familia zikaenda Nairobi, zikaenda Uingereza. Hakuna mbunge aliyesimama kuuliza nani atapika ladu, wala sidhani ilimpasa.

Lakini tazama tulichokibakiza. Chapati ni yetu sasa, hata hakuna harusi bila hiyo. Chai ya tangawizi na iliki, sambusa, bhajia za viazi kando ya barabara pale Emali na Sultan Hamud: hivyo vyote vilibaki, navyo vina sifa moja, kwamba ukivianza asubuhi, mchana umeshashiba. Vilivyopotea ni vya kulazwa. Ukimwondoa Mwaitu, unga wa kuchachuka usiku kucha haukupata mrithi, wala shira ya kubembelezwa kwa vidole. Tulichukua upande wa haraka wa jiko la jirani, tukauacha ule uliodai subira, na siku hizi anayetaka barfi huko Wote humwagiza mtu aje na boksi kutoka Ngara, Nairobi. Ikifika imeshapoteza samli yake, na anakula akisifu boksi.

Waliokwenda walikuwa waangalifu zaidi yetu. Huko Leicester, Uingereza, ambako Diwali huwashiwa taa Belgrave Road nzima, wamo wengi waliotoka Kenya na Uganda, na muhogo wa kukaanga wenye pilipili na ndimu umekuwa chakula cha mikahawa yao. Walibeba muhogo wetu hadi kwenye theluji. Sisi tulishindwa kuilaza jelebi yao katika joto la Kitui, linalochachua unga lenyewe bila kuombwa.

Na si kwamba vitu havipo. Mwaka 2018 serikali ya kaunti ya Kitui iligawa mbegu za ndengu, na ndengu za nailoni, zile za kijani zinazong'aa, hujaza magunia kutoka Mwingi hadi Mutomo. Mbaazi za Makueni hupakiwa malori kwenda bandarini. Ndengu iliyolowekwa, ikatolewa ganda, ikakaushwa kwa kitambaa na kukaangwa kwa chumvi na pilipili, ni kitafunio cha sherehe kwa Wahindi popote walipo. Hapa inakolimwa, mtoto hununua krispu.

Kuna jiko jingine ambalo halijapunguza mwendo. Hekalu la Masingasinga la Makindu, lililojengwa mwaka 1926 na watu wa reli, bado linamlisha kila msafiri bure, wa dini yoyote. Treni mpya ya mwaka 2017 husimama Mtito Andei, Kibwezi na Emali ikaipita Makindu, lakini mabasi na magari ya barabara kuu huingia. Pamoja na chapati na dengu, humo hutolewa halua ya ibada, ya vipimo sawa vya unga, samli na sukari. Unga hukaangwa ndani ya samli, ukikorogwa bila kuachwa, hadi ubadilike rangi na samli ianze kujitenga. Anayekoroga huwa katika sala, na sala haifupishwi kwa sababu basi linapiga honi. Unapewa donge moja viganjani, sawa na la aliye mbele yako. Wasafiri wa Nairobi hulitupa mdomoni, wakafuta mikono kwenye suruali, wakauliza chai iko wapi.