Heko kwa Wachunguzi wa Mawe ya Lashaine
Ardhi ya Mzenga, wilayani Kisarawe, kama sehemu kubwa ya ukanda wa Pwani, ni ya mchanga na mfinyanzi uliotandazwa na maji, kwa hiyo anayetaka kujua yaliyomo makumi ya kilomita chini ya Tanzania huwategemea wanajiolojia walioikwea Lashaine, volkano iliyo karibu na Monduli. Huko magma, yaani mwamba ulioyeyuka, ilipopanda iling'oa vipande vya miamba geu, ile iliyobadilishwa na joto na mgandamizo ingali yabisi, ikavitoa juu. John Barry Dawson na wenzake, walioeleza mwaka 1983 vipande vyenye madini ya ganeti, skapolaiti na kayanaiti, wanastahili heko kubwa. Katika kazi ya aina hii jiwe hukatwa na kusagwa hadi unene wa milimita 0.03, mwanga ukapenya, na chini ya hadubini huweza kuonekana ukingo wa ganeti uliogeuka madini mapya, na kando yake kioo, yaani sehemu iliyoyeyuka ikapoa upesi kabla ya kuunda fuwele. Shukrani ya kwanza iwaendee mafundi wanaosaga, ambao majina yao ni nadra kuchapishwa, kwa kuwa msasa ukizidi kidogo tu, ukingo huo hufutika.