Nani Alitunga Missa Luba?

Ulizo hili linaonekana jepesi. Ukitazama kitabu cha nota kilichochapwa New York mwaka 1969, utaona jina la Padri Guido Haazen, Mfransisko wa Ubelgiji. Jibu hilo si uwongo, lakini halitoshi. Tena ni jambo la haki, si la muziki tu.

Tukumbuke mambo yenyewe. Mwaka 1953 Padri Haazen aliwekwa mkubwa wa masomo huko Kamina, katika Katanga. Akakusanya watoto karibu 45 na walimu 15, korali ikaitwa Les Troubadours du Roi Baudouin. Mwaka 1958 Misa yao iliimbwa kwanza Kamina, kisha korali ikasafiri Ulaya, ikafika hata kwenye Maonyesho ya Brussels. Disiki ikaenea duniani. Na mwaka 1968 Sanctus yake ilisikiwa katika sinema ya Kiingereza inayoitwa If....

Basi, sauti ilitangulia karatasi. Padri hakuketi mezani, akaandika nota, halafu akawapa waimbaji kuzikariri. Walitafuta pamoja. Maneno yalikuwa ya Kilatini, lakini mwimbaji aliyatia katika namna za kwao: Credo kwa namna ya kasala, ule wimbo wa kilio wa Waluba, Sanctus kwa namna ya wimbo wa kuagana, Agnus Dei kwa namna ya Bena Luluwa. Mmoja alianza, wengine wakaitika, ngoma ikawaongoza. Uzuri wa Misa hii unatoka hapo: inasikika kama sala ya watu wanaojua kulia na kushangilia, si kama somo walilofundishwa.

Wengine watasema: «Nyimbo za mababu ni za wote, hakuna aliyeibiwa.» Ni kweli kwamba kupokea si kuiba. Watawa wa zamani walinakili vitabu kwa mkono, na bila wao tungepoteza mengi. Nyimbo nyingi za Kigregori hazina jina la mtungaji. Lakini tutenge mambo mawili: kupokea kitu na kukieneza, ni wema, kukieneza na kuacha jina la aliyekitengeneza lipotee, ni kumnyima haki yake. Joseph Kiwele, aliyefariki mwaka 1961, tunamjua kuwa mtungaji wa Misa ya Katanga, kwa sababu jina lake lilishikwa pamoja na kazi yake. Wale walimu na watoto wa Kamina, ni wangapi kati yetu wanaoweza kumtaja hata mmoja?

Hatumshitaki Padri Haazen. Bila yeye korali ile haingekuwako. Shida ni kwamba desturi ya vitabu hutafuta mtu mmoja mwenye kalamu, na watu sitini waliotunga kwa midomo na ngoma hawaingii vizuri ndani yake. Nchi yetu ina sheria ya haki za watungaji, ya tarehe 5 Aprili 1986. Ni sheria nzuri. Lakini amri ya saba yatudai zaidi, kwani haiulizi kwanza kama mwenye mali ana karatasi.

Na sisi je? Leo mwalimu wa korali anatunga wimbo. Mwingine anaushika kwa telefoni yake. Kisha mwezi mmoja unaimbwa katika parokia nyingi, na jina limebaki njiani. Pengine kitabu kinauzwa, naye hapati hata franka moja.

Ndugu makatekista, ninyi mnaoshika madaftari ya nyimbo, andikeni juu ya kila wimbo jina la mtungaji na parokia yake. Kama ni wimbo wa zamani, andikeni ni wa kabila gani na nani aliutengeneza kwa ajili ya kanisa. Kama kitabu kinauzwa, sherti mtungaji apate fungu lake.

Missa Luba tuiimbe, inafaa. Lakini mbele ya kuimba tuwaambie waamini: hii ni kazi ya watoto na walimu wa Kamina, pamoja na Padri wao.