Dirisha Lisilotoa Mwanga

Katika "Kuitwa kwa Mathayo", mchoro ambao Caravaggio aliukamilisha mwaka 1600 kwa ajili ya kanisa la San Luigi dei Francesi mjini Roma, kuna dirisha kubwa ukutani, nalo halimwangazii mtu yeyote. Mwanga unatoka kulia, juu, mahali tusipopaona, unashuka mshazari ukutani hadi kwenye meza ya watoza ushuru. Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba huo ni mwanga wa neema, basi. Sikatai, lakini ishara hiyo inatugusa kwa sababu kwanza ni mwanga wa kweli, uliopimwa kwa mahali penyewe. Mchoro huu umetundikwa kwenye ukuta wa kushoto wa kikanisa cha Contarelli, ndani ya kanisa hilo, na juu ya altare, upande wa kulia wa anayeutazama, lipo dirisha halisi. Ukuta wa pili una "Kuuawa kwa Mathayo", na humo mwanga unatoka kushoto, yaani upande uleule wa altare. Jengo na turubai vinagawana chanzo kimoja. Anayesimama hapo anaona kana kwamba mwale uliomfikia yeye ndio uliowafikia wale waliozunguka meza. Tazama pia alivyowekwa Yesu: amesimama kizani, nusu amefunikwa na Petro, na duara la utakatifu kichwani ni uzi mwembamba ambao ni rahisi kuupita bila kuuona. Hatoi nuru mwilini. Mwale unapita juu yake, na mkono wake aliounyoosha unaufuata.

Bellori, aliyeandika maisha ya wachoraji mwaka 1672, alilalamika kwamba Caravaggio hakuwatoa watu wake nje juani. Aliwafungia katika chumba cha hudhurungi, taa moja ikiwa juu, sehemu chache za mwili ziking'aa na nyingine zikimezwa na kivuli. Kwa maneno mengine, giza ni kichaka cha kuficha udhaifu. Shutuma hiyo si ya kupuuzwa, maana ni kweli mandhari yamefutwa karibu yote, na kuanza na turubai lililopakwa rangi nyeusi-nyeusi huokoa kazi: unapaka palipo na mwanga tu, kwingine unapaacha. Ila picha za eksirei zinaijibu. Chini ya "Kuuawa kwa Mathayo" kuna jaribio la kwanza, lenye watu wadogo zaidi na majengo nyuma yao, ambalo mchoraji aliliacha. Njia ya majengo aliijua, akaijaribu, akaona haimfai. Giza lilikuja kama uamuzi baada ya jaribio.

Pingamizi lililo zito zaidi, kwangu, linatoka upande wa pili: kama mwanga ni neema, ungepaswa kuwachagua watakatifu. Haufanyi hivyo. Mezani unamwangukia mzee mwenye ndevu anayejielekezea kidole, na vijana waliovaa kofia zenye manyoya ya ndege, na yule aliyeinamia sarafu asiinue hata macho. Kwenye ukuta wa pili anayeng'aa kuliko wote ni muuaji, kifua wazi, upanga mkononi, akimwinamia Mathayo aliyeanguka.