Mbio za Motokaa Zisizotoka Chumbani

Kila kazi inayoiga kitu kingine yastahili kuulizwa maswali mawili. La kwanza, imeiga kwa uaminifu kiasi gani? La pili, imeacha nini nje, na hicho kilichoachwa kina thamani gani? Mchoraji huulizwa hayo, na mtungaji wa tamthilia huulizwa hayo. Katika insha hii nataka tumwulize maswali hayo mtungaji wa mchezo wa kompyuta, yaani mchezo wa kushindanisha motokaa za zamani za Kimarekani kwa njia ya intaneti. Usidhani, msomaji, kwamba jambo hili ni dogo mno kufanyiwa tahakiki. Kitu kinachochukua saa za usiku za vijana wengi si kidogo; nacho kisipopimwa, wanaokipenda watakisifu kupita kiasi, na wanaokichukia watakilaumu bila ya kukijua.

Yafaa tuutazame mchezo huu tukiwa katika visiwa vya Lamu, maana huko tofauti baina ya kitu na mfano wake huonekana waziwazi. Barabara itokayo Mombasa huishia Mokowe, bara, na msafiri huvuka maji kwa chombo. Katika Mji wa Kale wa Lamu, ambao UNESCO iliutia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, vichochoro vingi havina upana wa kupitisha motokaa. Mizigo huchukuliwa na punda, na hamali, na mikokoteni. Pikipiki zimeingia kisiwani katika miaka hii, lakini kijana wa Shela au Matondoni aweza kumaliza shule bila ya kushika usukani wa motokaa hata mara moja. Kijana huyo huyo, akipata mashine ya michezo na intaneti, aweza usiku kuendesha Camaro ya mwaka 1969, akashindana na mtu aliye Maskati na mwingine aliye Chicago.

Motokaa zenyewe ni za namna gani? Katika mwaka 1964 Pontiac ilichukua motokaa ya ukubwa wa kadiri ikaitia injini kubwa ya silinda nane, yenye ujazo wa lita 6.4 na nguvu za farasi 325. Jina lake likawa GTO. Mwezi wa Aprili mwaka huo huo Ford ilitoa Mustang, na zaidi ya 400,000 ziliuzwa katika mwaka wake wa kwanza. Zikafuata Camaro ya Chevrolet, Charger na Challenger za Dodge, na nyingine za jamii hiyo. Wamarekani waliziita kwa jina lenye maana ya motokaa za misuli. Jina hilo lazifaa, kwa kuwa misuli yao iliizidi akili yao. Zilikwenda mbio katika njia iliyonyoka, lakini hazikupenda kona wala hazikupenda kusimama. GTO ya kwanza ilikuwa na breki za ngoma katika magurudumu yote manne, na breki za namna hiyo hulegea zikipata moto. Sheria za kulinda hewa, ughali wa bima, na kupanda kwa bei ya mafuta kuanzia mwaka 1973 vilimaliza enzi yao.

Sasa tulijibu swali la kwanza. Katika michezo iliyotungwa kwa bidii, kama vile Gran Turismo, iliyoanza Japani mwaka 1997 chini ya uongozi wa Kazunori Yamauchi, motokaa si picha inayosukumwa tu juu ya kioo. Kompyuta hukadiri, mara nyingi katika kila sekunde, uzito ulioelemea kila gurudumu, mshiko wa mpira juu ya njia, na nguvu itokayo katika injini. Matokeo yake ni kwamba kasoro za motokaa za zamani zimeigwa pamoja na sifa zake. Ukiingia kona kwa kasi, uzito wa mbele huivuta motokaa nje ya njia. Ukikanyaga mafuta mapema, magurudumu ya nyuma huteleza, na mkia hutaka kukitangulia kichwa. Dawa yake ni kufunga breki mapema wakati motokaa ingali imenyooka, kuuzungusha usukani kwa utaratibu, na kuvumilia mpaka kona ifunguke ndipo mafuta yakanyagwe.

Hapo, msomaji, ndipo pana ubora wa kwanza wa mchezo huu. Mtungaji dhaifu angetaka kumpendeza mchezaji kwa kuifanya motokaa mashuhuri kuwa tiifu. Mtungaji mwaminifu ameikubali ilivyokuwa, yenye nguvu nyingi na adabu chache, na kwa hiyo amemlazimisha mchezaji kujifunza subira. Kijana aliyekuja kwa tamaa ya kasi hugundua kwamba anayeshinda ni yule ajuaye kupunguza mwendo. Fundisho hilo ni la kweli, ingawa gari ni la uwongo.

Swali la pili lina jibu zito zaidi. Mchezo huhesabu mpira, uzito na mwendo. Hauhesabu hofu, wala jasho, wala gharama. Tuutafute ushahidi katika historia ya Afrika Mashariki yenyewe. Mashindano ya motokaa ya Safari, yaliyoanzishwa mwaka 1953, yalipita katika njia za vumbi na matope za Kenya, Uganda na Tanganyika wakati wa Pasaka, msimu wa mvua. Mwaka 1964 Wamarekani walileta kundi la motokaa za Mercury Comet, zenye injini za silinda nane, jamaa wa karibu wa hizo tulizozitaja. Zilikuja na mafundi na vipuri, na sifa zao zilitangulia. Njia hazikujali sifa. Mbili tu katika hizo Comet ndizo zilizofika mwisho, na ushindi ulichukuliwa na Peter Hughes katika Ford Cortina GT, motokaa ndogo yenye injini ya lita moja na nusu. Mwaka uliotangulia, motokaa saba tu zilimaliza mbio hizo katika jumla ya 84 zilizoondoka.

Linganisha hayo na mbio za chumbani. Motokaa ikivunjika katika matope ya kweli, mwenyewe hulala njiani, hutumia fedha, huchafuka, na hujifunza jina la kila kipande kilichovunjika. Ikivunjika katika kioo, hubonyezwa kidude kimoja nayo huwa mpya. Tena, katika mchezo uitwao Forza Motorsport, toleo la tatu la mwaka 2009 lilimpa mchezaji uwezo wa kuirudisha saa nyuma: akikosea kona, hurudi sekunde chache na kuijaribu tena kana kwamba hakukosea. Wahenga wetu walisema maji yakimwagika hayazoleki. Hapa yanazoleka. Kwa mwanafunzi anayeanza, msaada huo una faida, kama vile kifutio kilivyo na faida katika daftari la hesabu. Lakini aliyezoea kufuta kila kosa hana sababu ya kuwa mwangalifu, na uangalifu ndio uliokuwa faida kubwa ya kuendesha motokaa hizi.

Kwa sababu hiyo nasema kwamba mbio za intaneti, ambazo watu wazima wengi huziogopa zaidi, ni bora kuliko mbio za mtu peke yake. Katika mbio za watu wengi hakuna awezaye kuirudisha saa nyuma, maana saa ni ya wote. Uliyemgonga ni mtu, ana jina alilojichagulia, naye atakukumbuka kesho. Hivyo makosa hurudishiwa uzito wake. Gran Turismo Sport ya mwaka 2017 ilikwenda mbele zaidi: ilimpa kila mchezaji daraja mbili, moja ya ustadi na nyingine ya uungwana katika mashindano. Aliyegonga wenzake alishushwa daraja, akawekwa pamoja na wagongaji kama yeye.

Wazo hilo ni jema, lakini lina upungufu ambao mtu wa Lamu atauona upesi. Neno uungwana lina historia ndefu katika miji ya pwani. Zamani lilitenga mtu huru na mtumwa, na dhuluma hiyo isisahauliwe; leo tunalitumia kwa maana ya mwenendo mwema, ambao mtu yeyote aweza kuupata. Mwenendo huo hupimwa na macho ya watu wanaomjua mtu. Mashine haijui nia. Huhesabu mgongano, na mara nyingine aliyegongwa huadhibiwa sawa na aliyegonga. Umbali nao huongeza tatizo. Habari hupita katika nyuzi za kioo chini ya bahari kwa mwendo wa kilomita kama 200,000 kwa sekunde. Ikiwa kompyuta inayosimamia mbio iko Ulaya, kwenda na kurudi kutoka Lamu huchukua si chini ya sehemu saba katika mia za sekunde moja, na kwa kawaida huwa zaidi. Motokaa iendayo kilomita 180 kwa saa hupita mita tano katika sehemu moja ya kumi ya sekunde, nao ni urefu wa motokaa nzima. Basi motokaa unayoiona ubavuni mwako haipo hasa pale uionapo, kompyuta imekisia. Mchezaji wa visiwani aweza kuhukumiwa kwa kosa lililofanywa na umbali.

Tazama kwa upande mwingine mashindano ya Lamu yenyewe. Katika siku za Maulidi na katika tamasha la utamaduni, vijana hushindana kwa punda ufuoni mwa mji, na mashua hushindana kwa matanga. Mpanda punda hana tandiko. Hana budi kumjua mnyama wake, ambaye ana akili na matakwa yake mwenyewe. Nahodha wa mashua akitaka kwenda kinyume cha upepo hubisha, huku na huku, na mabaharia hukaa upande wa joshi ili uzito wao uizuie mashua isilale. Akikosea kugeuza tanga, hupoteza nafasi, na mji mzima umesimama ukutani unamtazama. Hapo hapana kisio. Upepo ni upepo, na maji ni maji, na wanaohukumu walizaliwa pamoja naye.

Je, tuseme basi kwamba mchezo wa motokaa ni upuuzi na kijana auache? Sisemi hivyo. Wanaosema kwamba kijana hupoteza macho na saa bure hawajaona subira inayotakiwa ili kupitisha Challenger ya mwaka 1970 katika kona bila ya kuteleza. Lakini na wapenzi wa mchezo wasijidanganye kwamba wamekuwa madereva. Mkono wao umefundishwa. Moyo wao haujajaribiwa. Atakayekwenda bara na kushika usukani wa kweli akiamini kwamba kosa hufutika, atajidhuru na kuwadhuru wapita njia.

Hukumu yangu ni hii. Mchezo huu ni mwema kwa kadiri unavyokataa kufuta makosa. Unaponakili uzito wa motokaa bila ya kuupunguza, na unapomkutanisha mchezaji na watu asioweza kuwafuta, una mafunzo. Unapompa kidude cha kurudisha saa nyuma, huwa kitembezi cha muda tu. Basi, msomaji kijana, ukicheza, chagua motokaa nzito, chagua kushindana na watu, na ukimgonga mwenzako mwombe radhi hata kama mashine haikukuhesabia. Na siku ya mashindano ya mashua ikifika, izime mashine ukaombe nafasi ya kukaa joshi. Kwa maana subira uliyoipata katika kona za kioo, bahari ndiyo itakayokuambia kama ni subira kweli.