Nani Alikata Balasti Kwenye Mchoro?

Video ya uzinduzi wa mtambo wa umeme wa maji wa kijiji mmeiona, kwa hiyo sitaisimulia yote. Nendeni moja kwa moja pale mshereheshaji anapoomba mashine ya kusaga izimwe ili mgeni rasmi asikike. Swichi inashushwa, mlio wa mota unafifia, na taa za jukwaani zinang'aa kuliko zilivyong'aa asubuhi nzima. Watu wanapiga makofi. Kisha taa zinakufa moja baada ya nyingine, spika inatoa moshi, na kijana mwenye buti za mpira anaonekana akikimbilia chumba cha mitambo.

Waliopiga makofi siwalaumu. Rudisheni video nyuma, kamera inapopita ndani ya chumba cha mitambo, muisimamishe kwenye ule mchoro wa umeme uliobandikwa ukutani. Kati ya jenereta na ubao wa fyuzi kuna kisanduku kimeandikwa "kidhibiti na balasti", na kisanduku hicho kimepigwa mstari wa kalamu nyekundu. Taa zilichomwa na mstari ule. Maji, mvua na "hitilafu ndogo" iliyotajwa baadaye havihusiki.

Msanifu mwenyewe anajieleza mbele ya kamera: jenereta ya sumaku ya kudumu haihitaji mkondo wa kuamsha uga, kwa hiyo haihitaji kidhibiti. Nusu ya kwanza ni kweli tupu. Nusu ya pili haizaliwi na ya kwanza hata kwa mkunga hodari.

Jenereta ya kawaida yenye rota ya koili ina namna ya kujizuia. Volti zikipanda, AVR, yaani kirekebisha volti, inapunguza mkondo wa uga na volti zinashuka. Sumaku haina mahali pa kupunguzwa. Uga upo mchana na usiku, mtambo ukizunguka au umelala, na volti zinapanda sawasawa na kasi. Asiye na mkono kwenye uga lazima awe na mkono kwenye kasi. Na kwa mtambo kama huu wa kilowati 12, ambao hauwezi kubeba gharama ya gavana ya mafuta ya kusogeza milango ya maji, mkono wa bei nafuu kwenye kasi ni huohuo uliokatwa kwa kalamu: kidhibiti kinachopima frikwensi na kumwaga umeme wa ziada kwenye vipasha joto, ili turbaini isijue kama kijijini wanasaga au wamelala.

Tupige hesabu kwa yanayosomeka kwenye kibao cha jenereta. Ncha 12, mizunguko 500 kwa dakika, Hz 50, volti 230 kwa fezi. Volti hizo ni za mzigo kamili. Mzigo ukiondoka volti hupanda hata kama kasi haijabadilika. Tuchukue asilimia 15, tunafika 265. Turbaini ya Banki kama hii ikiachwa bila mzigo hukimbia hadi karibu mara 1.8 ya kasi yake ya kazi. Hapo ni mizunguko 900, Hz 90, na volti 477. Mtanijibu kwamba haikufika huko, kwa sababu taa na spika zilikuwa bado zimebaki kwenye laini. Sawa, tuseme iliishia mara 1.4. Ni volti 371, na kilele cha wimbi lake ni karibu 525. Sasa fungueni taa ya LED ya dukani au pawasaplai ya redio msome kapasita ya kwanza baada ya daraja la dayodi. Mara nyingi imeandikwa volti 400.

Halafu kuna jambo ambalo wasanifu wetu wa siku hizi hawalipi uzito. Zamani balbu ya waya ilikuwa inasaidia. Volti zikipanda, balbu inakula nguvu zaidi, na hiyo inaivuta turbaini nyuma kidogo kabla waya haujakatika. Taa nyingi za LED zina saketi inayoshikilia nguvu ileile: volti zikipanda, zinavuta mkondo mdogo zaidi. Kwa hiyo pale mashine ya kusaga, yenye mota ya kilowati 7.5 peke yake, ilipotoka, mzigo uliobaki haukuwa na breki yoyote ndani yake. Sijui mtu alitegemea nini kingeishikilia turbaini.

Samahani, najua walichotegemea. Walitegemea yule kijana mwenye buti. Utaratibu wa uendeshaji, kwa maelezo ya msanifu huyohuyo, ni kwamba mwendeshaji "atarekebisha valvu kulingana na mahitaji". Valvu ya geti ya bomba lile inahitaji mizunguko mingi ya gurudumu, na turbaini ndogo isiyo na gurudumu zito la kuhifadhi mwendo hupanda kasi ndani ya sekunde chache. Kijana akifunga polepole, taa zimekwisha. Tukimpa valvu ya kufunga kwa kishindo, maji yanayotembea mita 2 kwa sekunde ndani ya bomba la chuma yanaweza kuzua pigo la shinikizo la karibu mita 200, wakati mwanguko wa pale ni mita 20 tu. Kwa kifupi, kijana amepewa achague kati ya taa na bomba. Na wamemlaumu kwenye taarifa yao kwamba "alichelewa".

Niseme na mazuri. Banio limejengwa vizuri, chujio lina mteremko wa kusafishika, bomba limefungwa kwenye nanga za zege inavyotakiwa, na aliyepanga meno ya stata na ncha za sumaku anajua kazi yake, maana rota inazunguka kwa mkono bila kukwamakwama. Basi.

Tuendelee na sumaku, maana hasara yake haionekani kwenye video. Kibao hakitaji daraja la sumaku, ila mkataba uliosomwa hadharani ulisema N42. Neodimi ya N42 isiyo na herufi ya ziada mwishoni inavumilia nyuzi 80 tu. Kadiri inavyopata joto, ndivyo uwezo wake wa kukataa kuondolewa sumaku unavyoshuka, na unashuka haraka kuliko nguvu ya sumaku yenyewe. Mota ya kusagia ikiwashwa moja kwa moja huvuta mkondo wa mara 5 au 6 ya kawaida, na mkondo huo unajenga uga unaopingana na sumaku. Ongeza joto la mchana ndani ya chumba cha bati. Sumaku zimegundishwa juu ya rota kwa gundi, bila ukanda wa kuzishika, na nguvu ya kuzirusha nje hukua kwa mraba wa kasi. Kwenye mara 1.8 ya kasi, gundi inabeba mara 3.24 ya ilichopimwa nacho. Sijui kwa nini mtu anunue neodimi ya bei, ambayo sote tunakumbuka bei yake ilivyoruka 2011, halafu aikabidhi kwa gundi.

Mimi ni mtu wa feraiti, na wasomaji wa zamani wa safu hii wamechoka kusikia. Feraiti ina nguvu kama theluthi moja ya neodimi, mashine inakuwa kubwa na nzito, haya nakubali. Lakini haishiki kutu na joto la chumba cha mitambo haliitishi, na kwenye mtambo uliofungwa chini kwa bolti nani anayejali uzito? Watu wa New Zealand waliochukua mota za Smart Drive za mashine za kufulia za Fisher & Paykel na kuzifunga kwenye gurudumu la Pelton walitumia sumaku za namna hii, na mashine zao zilifanya kazi kwenye vijito vya mashambani.

Wala sina ugomvi na sumaku ya kudumu kama aina. Turbaini ya VLH iliyowekwa Millau, Ufaransa, mwaka 2007, ina jenereta ya sumaku inayozunguka polepole pamoja na gurudumu lake bila giaboksi. Pale ipo mahali pake, kwa sababu nyuma yake kuna kigeuzi kizima cha elektroniki kinachoamua kasi. Sumaku na udhibiti vilikuja pamoja. Vile vijimashine vya propela vya Laos na Vietnam ndivyo vilivyouzwa vikiwa uchi, na wanavijiji wa huko wakajifunza kutozima balbu zote kwa wakati mmoja. Sisi tumenunua somo hilohilo kwa bei ya mtambo mkubwa.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba mashine ya sumaku ni rahisi kuidhibiti kuliko ndugu zake. Frikwensi na volti vimefungwa pamoja. Ukishika kimoja, cha pili kinafuata karibu chote. Jenereta iliyotokana na mota ya kawaida na kapasita ni kichwa ngumu zaidi, na hata hivyo kazi ilishafanyika hapa jirani. Kirinyaga, Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 2000, Phillip Maher na Nigel Smith wa Nottingham Trent walifanya kazi na wenyeji wa Kathamba na Thima. Kathamba: mwanguko wa mita 28, lita 8.4 kwa sekunde, Pelton iliyofungwa moja kwa moja kwenye mota, kilowati 1.1, kaya 65. Thima: pampu ya kawaida iliyogeuzwa turbaini, mita 18, lita 28 kwa sekunde, kilowati 2.2, kaya 110. Kilowati 1.1, mabwana, na kidhibiti chenye balasti kilikuwepo. Hakuna aliyesema mtambo ni mdogo mno kustahili kidhibiti.

Mashine zile za mota na kapasita zina fadhila nyingine. Laini ikigusana, kapasita zinakosa nguvu, uga unakufa, volti zinakwenda sifuri, na hakuna kilichoungua. Ikipoteza sumaku mabaki unaigusisha betri ya gari, inaamka. Koili zikiungua, kila mji wa mkoa una fundi wa kusuka mota. Sumaku iliyopoteza nguvu hairudishiwi kijijini. Inahitaji mashine ya kuichaji ambayo hata miji mikubwa haina kwa wingi.

Gharama iliyookolewa kwa kalamu nyekundu ni vipasha joto vya maji vyenye jumla ya kilowati 13 au 14, kidogo juu ya uwezo wa jenereta, saketi ya kuvigawia umeme, na tangi. Maji ya moto yangekwenda zahanati iliyo hatua chache kutoka chumba cha mitambo. Fedha za zulia jekundu na mahema zilipatikana.

Nasikia wameagiza taa mpya na wanataka kuwasha tena wiki ijayo na valvu ikiwa imefunguliwa nusu. Kabla ya hapo, fungueni laini zote, zungusheni turbaini hadi mizunguko 500 kamili kwa takometa, mpime fezi zote tatu. Linganisheni na cheti cha kiwandani cha volti bila mzigo, mashine ikiwa baridi. Fezi zote zikiwa chini kwa kiasi kilekile, sumaku zimekwisha kupungua. Fezi moja ikiachana na wenzake, kuna koili iliyoungua. Na mkisikia rota inakwaruza stata, zimeni maji, maana gundi imeachia.